Wizi Umepungua au Umepunguzwa? Historia Fupi ya Hoja ya Sababu na Matokeo katika Doria za Polisi

Utangulizi

Tuzitazame sentensi mbili. Ya kwanza: "Tangu doria za polisi zianze mtaani kwetu, wizi umepungua." Ya pili: "Doria za polisi zimepunguza wizi mtaani kwetu." Katika insha nyingi za wanafunzi, na katika taarifa nyingi za habari pia, sentensi hizi hutumiwa kana kwamba ni pacha. Kisarufi si hivyo. Kitenzi pungua hueleza hali iliyotokea, hakimtaji aliyeisababisha. Kitenzi punguza hudai kwamba yupo mtenda, na kwamba bila yeye hali ingekuwa nyingine. Tofauti ya vitenzi hivi ni konsonanti moja tu ya kauli ya kutendesha, lakini konsonanti hiyo imebeba dai zima la sababu.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi watafiti walivyohangaika kwa zaidi ya miaka 40 kutafuta ushahidi wa kuwaruhusu watumie kitenzi cha pili badala ya cha kwanza. Suala lenyewe si la sarufi peke yake. Mtaa ukinyimwa askari kwa hoja mbovu, watu huibiwa na kujeruhiwa. Ukijazwa askari kwa hoja mbovu, vijana husimamishwa na kupekuliwa kila jioni, na fedha ambazo zingewasha taa za barabarani huishia kwenye petroli ya magari ya doria. Walimu wa lugha, ambao ndio wanaofundisha uandishi wa insha za hoja, wanahusika moja kwa moja.

Chimbuko la imani

Imani kwamba askari anayeonekana huzuia uhalifu ni ya zamani. Robert Peel alipoanzisha polisi wa jiji la London mwaka 1829, lengo lililotajwa mwanzo kabisa lilikuwa kuzuia uhalifu kabla haujatendeka, na njia kuu ilikuwa askari kutembea kwa miguu katika eneo alilopangiwa. Karne ya ishirini ilileta magari na simu za upepo. Nchini Marekani, O. W. Wilson, aliyepata kuwa mkuu wa polisi wa Chicago, alikuwa miongoni mwa waliotetea doria za magari zinazozunguka bila ratiba inayotabirika, ili kila mhalifu adhani kwamba polisi wapo kila mahali.

Historia ilionekana kuiunga mkono imani hiyo. Tarehe 9 Septemba 1919 askari zaidi ya 1,100 wa Boston waligoma; usiku huo maduka yalivunjwa na kuporwa. Tarehe 7 Oktoba 1969 polisi wa Montreal, Kanada, waligoma kwa muda usiofika siku nzima, na katika saa hizo chache benki ziliporwa na vioo vya maduka vikavunjwa. Mifano hii inatosha kuonyesha kwamba mji usio na polisi kabisa ni mji ulio hatarini. Hata hivyo, haijibu swali ambalo wakuu wa polisi hukabiliana nalo kila mwaka. Wao hawachagui kati ya kuwa na polisi na kutokuwa nao. Huchagua kati ya gari moja na magari mawili, kati ya mtaa huu na ule. Kutoka "bila polisi uhalifu hulipuka" hatuwezi kuruka moja kwa moja hadi "polisi zaidi, uhalifu kidogo zaidi".

Moshi na moto

Mtu anaweza kudhani kwamba jibu ni kulinganisha mitaa. Tuihesabu mitaa yenye askari wengi na yenye askari wachache, kisha tuone wapi kuna wizi. Lakini anayefanya hivyo hukumbana na jambo la ajabu: mara kwa mara mitaa yenye askari wengi ndiyo yenye uhalifu mwingi. Je, askari ndio wanaoleta wizi?

Wahenga walisema palipo na moshi hapakosi moto. Moshi ni dalili ya moto, hauuleti. Askari nao hupelekwa kule ambako wizi umeshakithiri. Wizi ndio unaowavuta askari, ingawa huenda askari nao wanausukuma wizi chini. Nguvu hizi mbili zinapofanya kazi kwa wakati mmoja, zikielekea pande mbalimbali, hesabu ya kawaida haiwezi kuzitenganisha.

Isitoshe, takwimu za polisi huhesabu makosa yaliyoripotiwa, si makosa yote yaliyotendwa. Kituo kikifunguliwa karibu, mwananchi aliyekuwa akinyamaza sasa huenda kuripoti simu yake iliyoibiwa. Idadi hupanda katika daftari la kituo ilhali mtaani huenda wizi umebaki pale pale, au hata umepungua.

Jaribio la Kansas City

Kwa sababu hizo, baadhi ya watafiti waliona kwamba dawa ni kujaribu, si kutazama tu. Jaribio linalotajwa zaidi lilifanyika Kansas City, jimbo la Missouri, kuanzia Oktoba 1972 hadi Septemba 1973, chini ya watafiti wa Police Foundation wakiongozwa na George Kelling. Maeneo 15 ya doria yaligawanywa katika makundi matatu ya maeneo matano. Katika kundi la kwanza doria za kawaida ziliondolewa. Gari la polisi liliingia tu pale mwananchi alipopiga simu kuomba msaada. Katika kundi la pili mambo yaliachwa kama yalivyokuwa. Katika kundi la tatu doria ziliongezwa mara mbili hadi tatu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1974, na yaliwashtua wengi. Hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo katika uhalifu, wala katika hofu ya wananchi, wala katika kuridhika kwao na polisi. Kwa jumla wakazi hawakutambua kwamba doria zimebadilika.

Watu wengi walitoka hapo na hitimisho pana kupita kiasi: kwamba polisi hawana faida. Watafiti wenyewe walikuwa wametahadharisha kuwa matokeo yao hayana maana hiyo. Mwaka 1975 Richard Larson alionyesha kasoro nyingine: hata katika maeneo yasiyo na doria, magari yaliyokuja kuitikia simu yaliendelea kuonekana barabarani, kwa hiyo huenda tofauti iliyokusudiwa haikuwa kubwa machoni pa mwizi. Aidha, maeneo 15 ni machache mno kuweza kudhihirisha mabadiliko madogo. Hapa pana somo ambalo mwalimu wa insha angependa kila mwanafunzi alishike: "hatukuona tofauti" si sawa na "hakuna tofauti".

Kutoka eneo hadi kona

Jimbo la New Jersey lilikuwa limeanza kugharimia doria za miguu katika miaka ya 1970, na mwaka 1978 na 1979 jaribio lilifanyika katika mji wa Newark. Ripoti ya mwaka 1981 ilisema kwamba uhalifu haukushuka, lakini safari hii wakazi waliwaona askari, wakawathamini na wakapungukiwa na hofu. Ni kutokana na uzoefu huo kwamba Kelling, pamoja na James Q. Wilson, waliandika mwaka 1982 makala maarufu kuhusu madirisha yaliyovunjika, wakidai kwamba fujo ndogondogo zikiachwa huzaa uhalifu mkubwa. Dai hilo nalo ni la sababu na tokeo, na ubishi wake haujaisha.

Hatua iliyofuata ilikuwa kubadili kipimo. Lawrence Sherman na wenzake walichunguza simu zilizopigwa polisi katika mji wa Minneapolis wakagundua kwamba takriban asilimia 3 tu ya anwani ndizo zilizotoa nusu ya simu zote. Kumbe mtaa mzima hauwi "mtaa wa wezi". Ni kona fulani, baa fulani, kituo fulani cha basi. Doria ikitapanywa sawasawa mji mzima, muda wake mwingi hupotea mahali ambapo hapana la kuzuia.

Kuanzia Desemba 1988 Sherman na David Weisburd walichagua sehemu 110 za namna hiyo na kuzipigia kura: 55 zikaongezewa doria, 55 zikabaki za kulinganishia. Kura ndiyo kiini cha mbinu yenyewe. Ikiwa sehemu imepata askari kwa bahati nasibu, hatuwezi tena kusema kwamba walikwenda pale kwa sababu palikuwa pabaya zaidi. Moshi umetenganishwa na moto. Simu za uhalifu zilikuwa chache kwa asilimia 6 hadi 13 katika sehemu zilizoongezewa doria, na fujo zilizoshuhudiwa na watafiti wenyewe zilikuwa karibu nusu. Christopher Koper alipochambua data hizo aliona kuwa askari aliyetulia mahali kwa dakika 10 hadi 15 aliacha utulivu wa muda mrefu kuliko aliyepita tu na gari lake.

Majaribio ambayo hakuna aliyeyapanga

Si kila mji unaokubali kupigiwa kura. Steven Levitt alijaribu njia nyingine katika makala yake ya mwaka 1997: aliona kwamba miji ya Marekani huajiri polisi zaidi miaka ya uchaguzi, na wizi haujui kalenda ya uchaguzi. Mwaka 2002 Justin McCrary alionyesha kuwa hesabu zake zilikuwa na kosa, na likirekebishwa ushahidi unakuwa dhaifu. Levitt alilikiri kosa hilo akatoa hesabu mpya. Hivyo ndivyo elimu inavyotakiwa kwenda.

Ushahidi mwingine ulitokana na maafa. Tarehe 18 Julai 1994 bomu lilibomoa jengo la jumuiya ya Wayahudi, AMIA, jijini Buenos Aires, Argentina, na kuua watu 85. Siku chache baadaye serikali iliweka polisi wa kulinda mchana na usiku mbele ya taasisi za Wayahudi na za Waislamu. Polisi hao walipelekwa pale kwa sababu ya hofu ya ugaidi. Wizi wa magari haukuhusika. Rafael Di Tella na Ernesto Schargrodsky walilitambua hilo. Katika makala yao ya mwaka 2004 walionyesha kwamba katika vipande vya mitaa vilivyolindwa wizi wa magari ulikuwa mdogo kwa kiasi cha asilimia 75 ukilinganishwa na vile visivyolindwa. Lakini ulinzi huo haukuvuka: umbali wa kipande kimoja au viwili tu hapakuonekana nafuu yoyote ya maana. Watafiti wengine baadaye walihoji iwapo sehemu ya wizi huo ilihamia jirani.

Jijini London, baada ya mabomu ya tarehe 7 Julai 2005 yaliyoua watu 52, saa za kazi za polisi katika maeneo ya katikati ya jiji ziliongezwa kwa zaidi ya asilimia 30 kwa muda wa wiki sita. Mirko Draca, Stephen Machin na Robert Witt walikuta kwamba uhalifu katika maeneo hayo ulishuka kwa takriban asilimia 11 ukilinganishwa na sehemu nyingine za jiji. Wiki sita zilipokwisha na askari kurudishwa walikotoka, uhalifu nao ulirudi. Tokeo linalokuja na kuondoka pamoja na kisababishi chake ni ushahidi mzito kuliko lile lililokuja mara moja tu.

Kwa upande mwingine, jaribio kubwa lililofanyika Bogotá, Kolombia, mwaka 2016 katika vipande zaidi ya 1,900 vya mitaa linatufundisha tusishangilie mapema. Doria ziliongezwa karibu maradufu katika vipande vilivyopigiwa kura, lakini faida yake kwa ujumla ilikuwa ndogo, na wizi wa mali ulielekea kuhamia mitaa ya jirani. Mwenye mtaa uliolindwa anaweza kusema wizi umepunguzwa. Jirani yake atasema umehamishwa.

Baada ya, au kwa sababu ya?

Mfano wa New York hutumiwa sana kuthibitisha nguvu ya polisi. Mwaka 1990 watu zaidi ya 2,200 waliuawa jijini humo. Mwaka 1998 walikuwa chini ya 700. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1994, uongozi mpya wa polisi ulianzisha mfumo wa kufuatilia uhalifu kwa takwimu na ramani, pamoja na ukali dhidi ya makosa madogo. Wasimulizi wengi huunganisha matukio hayo kwa neno moja: "kwa hiyo". Lakini mauaji yalikuwa yameanza kushuka kabla ya 1994, idadi ya askari ilikuwa imekwisha kuanza kuongezwa, na miji kama San Diego, iliyofuata mbinu nyingine, nayo ilishuhudia uhalifu ukianguka. Huenda polisi wa New York walichangia. Wengi wa wachambuzi wanakubali hivyo. Ila "kuchangia" si "kusababisha", na "baada ya" si "kwa sababu ya".

Kwetu Afrika Mashariki tuna simulizi za namna hiyo. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wizi wa ng'ombe na ujambazi. Nchini Kenya mpango wa Nyumba Kumi ulizinduliwa mwaka 2013. Vyombo kama hivi aghalabu huanzishwa pale hali inapokuwa mbaya kupindukia. Na jambo lililofika kileleni mara nyingi huteremka kidogo hata lisipoguswa. Kwa hiyo anayepima mwaka wa kilele na mwaka unaofuata atakuta nafuu karibu kila mara, liwe lile chombo kimefanya kazi au hakikufanya. Kusema hivi si kuwabeza wanavijiji waliokesha kulinda mifugo yao. Ni kusema kwamba kazi yao inastahili ushahidi bora kuliko tarehe mbili.

Kiswahili chenyewe kizimbani

Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda tuna sababu ya pekee ya kulijali suala hili, kwa maana lugha yetu imewahi kuhukumiwa kwa hoja ya aina hii. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na polisi tangu enzi za ukoloni, na mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kuwa ni lugha ya taifa. Raia wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki: askari kwenye kizuizi, au mnyang'anyi usiku. Hofu ikashikamana na lugha. Katika familia nyingi kikaitwa lugha ya askari na wezi, na watoto wakakatazwa kukisema nyumbani.

Tuipime hoja hiyo kwa kanuni zilezile. Ni kweli kwamba Kiswahili na mateso vilionekana pamoja. Lakini kundi la kulinganishia lipo, tena ng'ambo ya mpaka tu. Tanzania ilitumia lugha hiyohiyo katika shule za msingi, sokoni, misikitini na makanisani, na haikuzaa mateso kama hayo. Lugha haikuleta bunduki. Waliokuwa na bunduki ndio walioitumia lugha. Hata hivyo kosa hilo la kufikiri lina uzito wake katika historia: Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 na kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na hata Baraza la Mawaziri lilipopitisha hatua za kukitekeleza mwaka 2022, chuki ya zamani ilikuwa ingali miongoni mwa vikwazo.

Hitimisho: maswali ya kupeleka darasani

Utafiti uliotajwa hapa unaelekea upande mmoja: doria zinazotapanywa ovyo hazionyeshi faida ya wazi, ilhali askari waliowekwa mahali mahususi penye matatizo huweza kupunguza uhalifu, japo kwa kiasi, kwa muda, na pengine kwa gharama ya jirani. Hitimisho hilo si la kishindo, lakini kila neno lake limelipiwa.

Mwanafunzi anayeandika insha kuhusu usalama wa mtaa wake anaweza kuongozwa na maswali manne. Kipi kilitangulia, askari au wizi? Ni nani aliyehesabu, na alihesabu yaliyotendwa au yaliyoripotiwa? Wizi umekwisha, au umehamia mtaa wa pili? Na je, hali ingekuwaje kama doria zisingeongezwa? Swali la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na lugha yetu imelitengenezea umbo lake. Kila anayesema "doria zimepunguza wizi" amesema pia, hata kama hajatamka, kwamba "doria zisingeongezwa, wizi usingepungua". Mwalimu anayefundisha viambishi -nge- na -singe- anaweza kumtaka mwanafunzi aandike sentensi hiyo ya pili chini ya kila dai la sababu, kisha aeleze ni mtaa upi, au ni wakati upi, unaomwonyesha hali hiyo isiyokuwapo.

Tunapendekeza pia zoezi la ngazi ya vitenzi. Wanafunzi wachukue habari moja ya gazeti kuhusu uhalifu, wapigie mstari vitenzi vyote vya uhusiano, kisha wavipange kuanzia chepesi hadi kizito: huandamana na, hufuatia, huchangia, husababisha. Mwisho, kwa kila kitenzi kizito, watafute ndani ya habari hiyohiyo ushahidi unaokistahili. Usipopatikana, wakiandike upya kwa kitenzi chepesi. Walimu watakaolifanya zoezi hili wanakaribishwa kutuletea kazi za wanafunzi wao, ili tuzijadili katika matoleo yajayo.